Sekunde Arobaini za Chai na Mandazi

Ruiru, 19 Januari 2025

Mpendwa Tata Mumbi,

Pokea salamu zetu za mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe umeshaanza kuchakaa. Sisi huku tu wazima. Baba, kaka yako, amerudi kazini na mgongo wake, na ukimwambia akaone daktari anakwambia mgongo ni wake. Mama anauliza kama wale kuku waliokuwa wakikohoa Krismasi walipona au waliishia sufuriani. Mimi nimefungua chuo. Huu ni mwaka wa tatu, nimebakisha mmoja niwe mtu wa lishe kama ulivyokuwa wewe.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi. Ni kwa sababu ya ile siku uliyoweka simu ya Baba sikioni ukasema inavuma kama mzinga wa nyuki, ukairudisha. Wote walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa na mengi ya kukuuliza na nikaona hakuna njia. Sasa njia imepatikana. Ndinda, tunayesoma naye, analala Thika na kuja Ruiru kila siku. Ataziacha barua zangu dukani kwa Ansuya, pale unaponunua chakula cha kuku, nawe uache zako pale pale. Ansuya amekubali, mradi asiachiwe na kuku.

Jambo lenyewe ni hili. Nimekuwa nikitengeneza video fupi za chakula kwa vijana wa rika langu na kuziweka mtandaoni. Mwalimu wetu anasema kijana wa leo hasomi karatasi iliyobandikwa ukutani kliniki, anasoma simu. Kwa hiyo nimemfuata huko huko kwenye simu. Kwa miezi mingi walionitazama walikuwa kama mia mbili, na nusu yao ni jamaa zetu. Halafu mwezi huu nikaweka moja kuhusu chai ya rangi na mandazi ya asubuhi. Tata, imetazamwa na watu laki nne! Msichana wa dukani amenitambua, akaniambia, "Wewe si ndiye wa mandazi?"

Mwezi wa sita kuna mkutano wa vijana wa afya kwenye hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania. Watachagua vijana kumi waonyeshe kazi zao, na watakaochaguliwa watapewa nafasi ya mazoezi ya kazi mwaka wa mwisho. Nimeituma hiyo ya mandazi. Naitaka nafasi hiyo mpaka naiota.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyetembea nyumba kwa nyumba miaka yote ile: watu walikusikilizaje?

Wako mpendwa,
Emmah Wangechi


Gatuanyaga, 8 Februari 2025

Kwako maitu Wangechi,

Usikasirike nikikuita mama. Ulipewa jina la mama yangu, na mimi siwezi kuandika "Wangechi" bila kukaa vizuri kwenye kiti. Barua yako ilikaa kwa Ansuya siku kumi na tatu, maana siendi Thika mpaka chakula cha kuku kiishe. Ansuya alikuwa ameiweka chini ya mizani ili isipotee. Kuku wawili walikufa, mmoja tukamla. Usimwambie mama yako ni yupi.

Huku ni vumbi tu. Pikipiki ikipita, nguo nilizoanika narudia kufua. Lenny wangu bado yuko kile kiwanda cha matunda Thika, anapanga makreti toka asubuhi mpaka jioni, na amepanga chumba huko huko, mtaa wa Landless. Jumamosi anakuja nyumbani. Ndiye aliyenionyesha video yako.

Haiya! Nilikuona ukiongea ndani ya kitu kidogo kama kipande cha sabuni. Sauti sikuisikia, lakini niliyasoma maneno yaliyokuwa yakipita chini. Umevaa ile blauzi ya njano, unainua kikombe, unasema chai ya rangi na mandazi mawili ni sukari, mafuta na unga, kisha unatazama watu na kusema, "Bora usile kitu." Nikangoja. Nikaona unainua kikombe tena, ni mwanzo. Nikamuuliza Lenny mwisho uko wapi. Akasema, "Hiyo ndiyo yote, Mum."

Sasa mimi nina maswali kuliko majibu, na usinicheke. Hao watu laki nne, unapoongea nao wako wapi? Wamekaa? Wako kazini? Wana kitu mkononi cha kula? Kuna mmoja anayekukatiza maneno? Mimi nilikatizwa kila mahali, hasa na mama wakwe, na walinisaidia kuliko vitabu. Unajuaje kwamba mtu amekuelewa kama humwoni akikunja uso?

Umeuliza nilisikilizwaje. Mwanzoni sikusikilizwa. Niliingia na kitabu changu cha picha, nikakifungua, nikahubiri, wakanipa chai, nikaondoka. Halafu nikajifunza kitu kimoja: kabla hujafungua kitabu, funua sufuria. Niliingia jikoni kwanza, nikaomba kuona kilichopikwa jana. Kama moto haukuwa umewashwa, nilijua mambo ya protini yangoje.

Na jingine, dogo. Krismasi ulimwambia Lenny mbele yangu kwamba mtu wa kazi ya mikono aongeze yai asubuhi, au nduma, au uji wa wimbi wenye maziwa. Hilo yai limeenda wapi? Kwa sababu Jumapili Lenny amekataa uji wangu. Amesema, "Emmah amesema tuache."

Ni mimi tata yako,
Mumbi


Ruiru, 2 Machi 2025

Mpendwa Tata,

Nimesoma barua yako mara tatu, na Ndinda mara moja, naye amecheka pale penye kipande cha sabuni mpaka akakohoa. Baba hajambo. Mama ameshajua ni kuku yupi mliyemla, usiniulize amejuaje.

Maswali yako yamenifanya nikune kichwa. Hakuna anayenikatiza, Tata. Wananiandikia baadaye, chini ya video, lakini hapo mimi nimeshamaliza kuongea. Sijui wamekaa wapi. Ninachojua ni sekunde. Simu inanionyesha mchoro, na kwenye mchoro naona mtu wa kwanza anaondoka sekunde ya tatu, na kufikia sekunde ya arobaini nusu yao wamekwenda. Yai lako lilikuwa sekunde ya hamsini na tano. Eddie, anayenisaidia kukata video, aliiona ndefu mno akalitoa. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Kuhusu Lenny, mwambie ameelewa vibaya. Sikusema watu waache kula asubuhi. Nilikuwa nasema juu ya mandazi.

Lakini subiri nikwambie la sufuria! Nimelijaribu. Niliwaomba watu wanitumie picha ya walichokula asubuhi hiyo, bila kupanga meza. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nimeona chapati na madondo, maharagwe ya jana, kwenye kifuniko cha sufuria. Nimeona githeri baridi ndani ya kikombe cha chai. Nimeona soseji ya barabarani imepasuliwa na kuwekwa kachumbari, saa kumi na mbili u nusu asubuhi! Msichana wa Thika anayeitwa Mehak ametuma paratha na achari ya maembe, ameandika, "Mathe amesema sitoki kwa mlango kabla nimalize, nisaidie." Nilidhani nawajua vijana kwa sababu na mimi ni kijana. Kumbe kila sahani ina mtu nyuma yake anayeharakisha kwenda mahali.

Wengine walituma meza tupu. Mmoja aliandika, "Niaje sis, breko niliachana nayo tangu useme." Walikuwa wengi kidogo.

Habari nzuri ni kwamba nimeingia kwenye ishirini wa mwisho wa ule mkutano wa Chania. Niombee.

Emmah


Gatuanyaga, 29 Machi 2025

Maitu Wangechi,

Sisi tuko. Mvua imeonekana mbali, upande wa milimani, lakini huku haijafika. Nimepanda maharagwe kwa imani.

Barua yako nimeifurahia, nami nimekaa na zile sahani kichwani wiki nzima. Huyo Mehak mjibu. Mama anayesimama mlangoni ni mwalimu mwenzako, usimdharau.

Nataka kujua habari ya meza tupu. Umesema walikuwa wengi kidogo. Wengi kidogo ni wangapi? Wanafanya kazi gani? Ni wa kukaa ofisini au ni wa kubeba? Ungekuwa chini yangu nilipokuwa kazini, ningekurudisha uhesabu.

Lenny hakuja Jumamosi mbili. Ya tatu alikuja na kitambaa kidevuni. Amewekwa nyuzi tano. Anasema aliteleza.

Nimekatazwa kuandika zaidi ya hapo.

Mumbi


Ruiru, 20 Aprili 2025

Mpendwa Tata,

Heri ya Pasaka. Najua ulitungoja. Baba alikuwa amepanga tuje, lakini mgongo ukamlaza, na mimi nilikuwa na kazi za chuo. Mama anakutumia kitenge, kiko kwa Ansuya pamoja na barua hii.

Tata, nimechaguliwa! Niko kwenye wale kumi. Ni tarehe kumi na nne Juni, Jumamosi. Nitasimama mbele ya watu mia mbili nionyeshe ile video na kueleza jinsi ujumbe mfupi unavyowafikia vijana. Wameniambia niandike sentensi moja ya kunitambulisha na nimeandika kumi na nane nikazifuta zote. Unaonaje hii: "Emmah Wangechi, aliyewafikia vijana laki nne kabla ya saa nne asubuhi"? Eddie anasema ni majivuno. Mimi naona ni hesabu.

Mwalimu amenipongeza mbele ya darasa. Nimenunua viatu. Hivi ile hoteli uliwahi kuingia? Ni kweli unasikia maji ukiwa umekaa ndani?

Pole kwa Lenny. Sakafu za viwandani zinateleza, hasa kule kwenye matunda. Mwambie avae viatu vya mpira.

Wako,
Emmah

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha nikaifungua. Hukusema aliteleza wapi.


Gatuanyaga, 11 Mei 2025

Maitu,

Kitenge kimefika, ni kizuri, mwambie mama yako nitakivaa kanisani wamuulize jina. Mvua ilikuja na maharagwe yametoka. Hoteli ile sikuwahi kuingia, nilipita nje tu zamani, na ndiyo, maji niliyasikia.

Nimeanza barua hii mara mbili nikaichana. Keti.

Lenny hakuteleza. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa nne asubuhi. Alikuwa juu ya makreti, anapokea na kupanga. Macho yakaingia giza akaanguka na kreti mkononi. Daktari alimuuliza alikula lini, akasema usiku. Alimuuliza asubuhi je, akasema, "Asubuhi siku hizi sili." Zilikuwa wiki sita hali kitu mpaka saa saba, na anabeba. Aliniapisha nisikwambie. Alisema, "Mum, Emmah ana mkutano wake, usimharibie." Nimekaa na ahadi hiyo mwezi na nusu kama jiwe kiatuni. Leo nimeivunja, na nitamwambia kwamba nimeivunja.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata baba yako hakijui vizuri.

Nilipoanza kazi nilikuwa na miaka ishirini na tatu na sketi ya bluu. Nilikuwa na picha moja niliyoipenda mno, ya shamba la jikoni lenye kabeji kwa mistari, safi, bila jani lisilo na kazi. Hakuna aliyeniagiza kusema nilichosema. Nilikisema mwenyewe kwa sababu ya picha. Niliwaambia akina mama wa huku: mboga zenu hizi, terere na managu, ni magugu, ng'oeni, pandeni kabeji. Nilisema vizuri. Nilikuwa na sauti nzuri, wakati huo masikio nayo yalikuwa mazima. Waling'oa. Nyumba ishirini na tatu ziling'oa, na mimi nilipita nikizisifu.

Mwaka wa themanini na nne mvua ikakataa. Unaijua Gatuanyaga bila mvua. Kabeji zilikauka zikiwa ndogo kama ngumi. Terere ingevumilia, lakini terere haikuwepo. Watoto walianza kudhoofu. Nilikuwa nikiwapima, maitu, mimi mwenyewe, kwa mizani yangu, na kila nikiandika uzito nilijua mkono gani uling'oa mboga yao.

Nilianza kwa mama yangu, huyo uliyepewa jina lake. Nilimwambia nilikosea. Alinipeleka nyuma ya ghala, na huko kulikuwa na terere imesimama. Hakuwa ameng'oa yote. Aliificha, asiniaibishe mbele ya majirani! Alikata, akapika, akaniwekea sahani, akanitazama mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Sasa nenda nyumba ya pili."

Nilienda zote. Wengine walinicheka, na niliwashukuru kwa kicheko. Mama mmoja, ambaye mtoto wake ndiye aliyezidiwa, hakunifungulia. Nilirudi mara ya pili na ya tatu. Hakufungua. Mtoto alipona, lakini mlango huo haukunifungukia mpaka leo, na mama huyo tulimzika mwaka juzi.

Sikuambii ufanye nini. Wewe ni mtu mzima na kesi ni yako. Nimekwambia nilivyofanya mimi.

Mumbi


Ruiru, 8 Juni 2025

Mpendwa Tata,

Nisamehe kwa kukawia. Barua yako ilikaa mfukoni mwa koti siku nane kabla sijaweza kuijibu, na nikatanguliza majibu ya vitendo kabla ya majibu ya karatasi.

Kwanza kabisa, si Eddie. Eddie aliniuliza mara mbili, "Emmah, sehemu ya yai tuitoe kweli?" Nikamwambia itoe, mchoro huwa unashuka hapo. Nilijua sentensi inabaki uchi. Nilijua, Tata, na niliona inapendeza hivyo. Halafu nikakuandikia kwamba Lenny ameelewa vibaya. Hakuelewa vibaya. Alielewa nilichosema.

Nimeiondoa ile video. Nimeweka nyingine, ndefu, bila blauzi ya njano. Nimesema nilikata nini na kwa nini, nikasema kuna kijana alianguka kazini. Sikumtaja. Nikaonyesha yai, nduma na uji, nikasema kwamba hata mandazi na chai ni afadhali kuliko tumbo tupu ukiwa unakwenda kubeba. Imetazamwa na watu elfu tatu. Elfu tatu, kwa laki nne.

Niliwaandikia wale wa mkutano. Walinijibu kwa upole kwamba walichochagua ni ile ya kwanza, na kama haipo basi nafasi yangu itapewa aliyenifuata. Nililia chooni pale chuoni mpaka Ndinda akaja kugonga. Viatu nimempa yeye. Sitaki kukuficha: inaniuma bado, na kuna asubuhi naamka nikijiambia ningengoja hadi tarehe kumi na tano, mkutano ukiwa umepita.

Halafu nikahesabu, kama ulivyoniamuru mwezi wa tatu nikajifanya sikusoma. Nilirudi kwenye maneno waliyoyaandika chini ya ile video, maana Eddie alikuwa ameyahifadhi. Nilitafuta wote walioandika kwamba wameacha kula asubuhi. Ni watu mia tatu na kumi na wawili. Hizo ndizo nyumba zangu. Nimeanza kumwandikia mmoja mmoja, na sianzi na kitabu. Naanza kwa kuuliza, "Umekula nini leo asubuhi?" Nimefika wa mia na arobaini. Wengi hawajibu. Mmoja aliandika, "Wewe ni nani kwani, askari wa breakfast?" Mwingine, Calvince, fundi wa mawe, aliniambia, "Zii, mimi nilijaribu siku mbili nikaona nyundo imekuwa nzito, nikarudia strungi yangu." Huyo nilimpenda, yeye na chai yake ya rangi. Tumeongea nusu saa, na nimejifunza kwake kuhusu uji wa mjengo kuliko nilivyojifunza muhula mzima. Uliniuliza zamani wamekaa wapi. Sasa naanza kujua. Wengine wamekaa juu ya mawe.

Lakini la kukwambia hasa ni hili.

Kwenye hiyo orodha kuna mtu anayejiita Wa Makreti. Aliandika tarehe ishirini na saba Januari, Jumatatu: "Nimeanza leo. Huyu ni cuzo yangu, hawezi nidanganya." Na mimi, Tata, nilikuwa nimemwekea moyo mwekundu. Sikujua ni nani. Niliweka moyo, nikapita.

Nimemwandikia mara tatu kwenye akaunti hiyo. Hajajibu. Ningeweza kumpigia, namba ninayo, nimeitazama mara nyingi. Naogopa atasema, "Ni sawa tu," kwa ile sauti yake. Nafikiria yule mama asiyefungua.

Emmah


Gatuanyaga, 5 Julai 2025

Maitu Wangechi,

Mahindi yamefika kifuani. Kuku ni wazima wote, na Ansuya amenipa kopo la chai kwa sababu, anasema, nimekuwa mteja wa kila wiki. Siku hizi nakwenda Thika hata kabla chakula cha kuku hakijaisha. Natazama chini ya mizani.

Nimeisoma barua yako mbele ya Lenny, kwa sauti, yeye akiwa anamenya nduma. Nilipofika kwenye moyo mwekundu aliacha kumenya. Akaniomba nimwazime kalamu. Sijasoma alichoandika. Nimempa nafasi hapa chini.

Nimejivunia wewe. Nasema wazi, kwa sababu mama yangu hakuniambia, nami nilingoja.

Mumbi

*

Emmah, sijanyamaza. Simu yangu ilikuwa mfukoni nilipoanguka, ikavunjika vibaya. Toka Machi natumia kabambe ya kupiga na kupokea tu. Hizo meseji tatu sijaziona. Hiyo video mpya pia sijaiona, ndio nasikia leo kwa barua. Kule kazini kuna majamaa wawili, wanakaa pamoja Landless, niliwaambia waache kula asubuhi juu ya ile video yako, na wao hawako kwa hiyo akaunti. Hao hukuwahesabu. Mimi nakula siku hizi, Mum ananisimamia. Lakini mwisho wa ile video sijawahi kuusikia kwako mwenyewe. Ulisema nini?

Lenny


Ruiru, 13 Julai 2025

Mpendwa Tata,

Sote wazima. Baba amekubali kuona daktari wa mgongo, Mama anasema ni muujiza.

Barua hii ni fupi kwa sababu nataka Ndinda aiwahishe. Nilikaa na mistari ya Lenny, nikachukua karatasi nimwandikie ule mwisho, sekunde zile zote nilizozikata. Ni maneno machache, yangetosha upande mmoja. Nikaandika mpaka kwenye yai, nikasimama. Niliona naanza tena: nasema na mtu nisiyemwona, halafu naondoka.

Nakuja Jumamosi, tarehe kumi na tisa. Nitapitia Landless kwanza, kwa sababu ya wale majamaa wawili. Mwambie Lenny anielekeze chumba chao kupitia Ansuya. Kwako nitafika kama saa sita. Usipike chochote kizuri kwa ajili yangu. Acha sufuria ya jana ilivyo, niifunue mwenyewe.

Na Tata, nakuomba jambo moja. Ukiniona langoni, usiinuke. Mwache Lenny afungue.

Wangechi wako